Sikio Kizimbani

Panda nganya yoyote ya Rongai saa moja jioni, muziki ukiwa umefunguliwa hadi viti vinatetemeka, halafu upigiwe simu. Utapayuka. Wala hutakuwa umeamua kupayuka. Sauti itapanda yenyewe, na ukishashuka utashangaa mbona koo linawasha. Abiria wa pembeni naye anapayuka, makanga anapayuka, na hakuna aliyemwambia mwenzake apayuke.

Étienne Lombard, daktari wa masikio katika hospitali ya Lariboisière jijini Paris, aliliandika jambo hili mwaka 1911: masikio yakizibwa na kelele, mtu hupandisha sauti bila kujua. Tangu hapo wanasayansi wameliona hata kwa ndege na nyangumi, na bado wanaliita kwa jina la Lombard. Lakini yeye hakuwa na haja na ndege. Alikuwa anatafuta waongo.

Ujanja wake ulikuwa hivi. Mtu anakuja akisema sikio lake la kushoto halisikii kabisa. Unampa kitabu asome kwa sauti, kisha unamtilia kelele kubwa kwenye sikio la kulia, lile zima. Kama kweli la kushoto limekufa, basi hana tena sikio la kujisikilizia, na atapayuka kama abiria wa Rongai. Kama anajifanya, sauti yake itabaki palepale, kwa kuwa lile sikio "lililokufa" bado linamsikilizia. Hukumuuliza kama anasikia. Koo lake ndilo lililojibu.

Nimekuwa nikifuatilia historia ya vipimo vya aina hii tangu mwaka jana, baada ya binamu yangu kuambiwa mahakamani kwamba anajifanya hasikii. Nitafika kwake. Kwanza nataka tuelewe hiyo shaka ilitoka wapi, kwa sababu haikuanzia kwa wakili wa yule bwana aliyempiga.

Kipimo cha kawaida cha usikivu labda umewahi kukifanya. Unaketi ndani ya kichumba kisichopitisha sauti, unavaa hedifoni, unaambiwa ukisikia mlio ubonyeze kitufe. Matokeo yanachorwa kwenye chati yenye namba, na yote yanaonekana ya kisayansi kweli kweli. Ila ukitazama vizuri, ile chati ni neno lako tu, limeandikwa kwa nukta na mistari. Usipobonyeza, mashine inaandika kwamba hukusikia. Mfupa uliovunjika utaonekana kwa eksirei. Ukimya hauna picha.

Kuna wakati neno la mtu lilitosha. Mwaka 1886 Thomas Barr, daktari wa masikio mjini Glasgow, aliwapima mafundi 100 waliotengeneza boila za meli. Kazi ile ilikuwa ya kugonga ribiti kwa nyundo huku mwenzao mmoja amekaa ndani ya boila akizishikilia. Ukitaka kupata picha nenda Kamukunji, pale bati linapogongwa likawa sanduku, kisha ujifikirie umefungiwa ndani ya sanduku lenyewe. Barr alitumia saa ya mfukoni: aliisogeza mbali na sikio akiuliza bado unaisikia, akalinganisha na watu wa kazi nyingine, wakiwemo wapeleka barua. Mafundi wa boila walikuwa wameharibika masikio vibaya sana. Na Barr alitegemea majibu yao tu. Kwani wamdanganye kwa nini? Uziwi wa kazini haukuwa na fidia.

Pesa ndizo zilizobadilisha mambo. Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ajali za kazini mwaka 1884, Ufaransa ikafuata na yake mwaka 1898. Ghafla sikio likawa na bei. Ongeza hapo majeshi yaliyokuwa yakiandikisha vijana kwa lazima, na kijana kiziwi alirudishwa nyumbani. Sasa daktari aliyekuwa akitibu akapewa kazi ya pili, kumwambia mwajiri, jeshi na hakimu kama mgonjwa wake anasema kweli. Hapo ndipo udaktari wa masikio ulipoingia mahakamani, na uliingia upande wa anayelipa.

Mwaka 1900 Mjerumani aitwaye Stenger alitoa mtego mzuri kuliko yote ya zama zile. Alitumia vile vyuma vyenye ncha mbili kama uma, ambavyo ukivigonga hutoa mlio mmoja safi. Siri yake ni kwamba mlio uleule ukiingia masikio yote mawili kwa pamoja, lakini upande mmoja uwe na nguvu zaidi, mtu husikia upande huo tu. Ule mdogo humezwa. Basi unampa anayedai kushoto hakusikii mlio mdogo kulia, na mkubwa kushoto. Mkweli atasema, ndiyo, nausikia, uko kulia. Mwongo anasikia kushoto pekee, na kwa vile ameapa kwamba kushoto hakusikii, atasema hasikii chochote. Hapo amejifunga mwenyewe, kwa sababu sikio lake la kulia, ambalo yeye mwenyewe anakiri ni zima, lilikuwa limewekewa mlio wa kutosha kusikika.

Nakubali, ni kitu cha akili sana. Lakini angalia kimejengwaje: kimejengwa kama swali la polisi. Kipimo kinamsubiri mtu ateleze.

Halafu vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia na kuharibu hesabu. Askari walitoka kwenye mahandaki wakiwa hawasikii hata kombora, lakini masikio yao yakichunguzwa hayana jeraha. Madaktari waliozoea makundi mawili, viziwi na waongo, wakajikuta na kundi la tatu. Nchini Uingereza, Arthur Hurst alikuwa miongoni mwa waliosisitiza kwamba baadhi ya wanajeshi hawa hawakuwa wakidanganya. Akili yao, baada ya yale waliyopitia, ilikuwa imeufunga mlango wa sauti. Sikio zima, mtu mkweli, na hasikii. Kumbuka hilo, litarudi.

Vita vya Pili viliacha Marekani na maveterani wengi wenye madai ya masikio, na vituo vyao vikawa kama maabara ya kunasa. Mwaka 1950 Bernard Lee alieleza jambo ambalo wewe unalijua kwa simu: ukiongea halafu sauti yako ikarudi masikioni imechelewa kidogo, sehemu kama ya tano ya sekunde, ulimi unagongana. Unagugumia. Haikuchukua muda watu wakaigeuza kuwa kipimo. Mpe mtu asome, mrudishie sauti yake ikiwa imechelewa, akigugumia, amesikia.

Kingine kilichotumika kwa maveterani wa madai ya fidia kilitegemea jasho. Unafunga vidole vya mtu nyaya za kupima unyevu wa ngozi, kanuni ileile ya mashine ya kupima uongo. Unampigia mlio, kisha unampiga shoti ndogo ya umeme. Mlio, shoti. Mlio, shoti. Baada ya muda mwili unajifunza, na mlio peke yake unatosha kumtoa jasho. Unapunguza sauti taratibu ukitazama jasho linaacha wapi. Niliposoma haya nilirudia aya mara mbili. Mtu ametoka vitani, anasema masikio yamekufa, na taifa lake linamjibu kwa shoti ili lione kama atatoka jasho. Watoto wadogo nao walipimwa kwa njia hiyo, kwa vile hawawezi kubonyeza kitufe.

Mageuzi yalikuja mwaka 1971, Jewett na Williston walipochapisha namna ya kuusikiliza mshipa wa usikivu ukiwa kazini bila kukata ngozi. Unabandikwa vipande vidogo vyenye nyaya kwenye paji la uso na nyuma ya masikio. Unalala, hata usinzie kabisa. Masikioni kunapigwa vitiki, tiki, tiki, tiki, maelfu. Kila tiki inasafiri kutoka sikioni hadi shina la ubongo kwa muda usiofika sehemu moja ya mia ya sekunde, na njiani inatoa umeme mdogo, chini ya milioni moja ya volti. Peke yake huwezi kuuona kwenye vurugu za ubongo na misuli. Ni kama kumsikia mtu mmoja ananong'ona uwanjani Nyayo siku ya Mashemeji Derby. Lakini akirudia neno lilelile mara elfu mbili, na kompyuta ikajumlisha zote, makelele ya mashabiki yanafutana yenyewe na neno linabaki. Linatokea kama vilima vidogo kwenye skrini, na vimepewa namba za Kirumi. Mtaalamu anapunguza sauti hadi kilima cha tano kipotee. Pale kinapopotea ndipo anapokadiria mpaka wa usikivu wako.

Huko nyuma, mwaka 1948, kijana aitwaye Thomas Gold alikuwa amesema kwamba sikio haliwezi kuwa kipokezi tu. Lazima ndani yake kuna kitu kinachoongeza nguvu ya sauti, na pengine sikio lenyewe linatoa sauti. Hakusikilizwa sana, akaenda zake kwenye elimu ya nyota. Miaka 30 baadaye, mwaka 1978, David Kemp wa London aliweka maikrofoni ndogo ndani ya sikio, akapiga tiki, akangoja. Baada ya milisekunde kadhaa sikio likajibu. Sauti ndogo ikatoka nje. Zinazoitoa ni seli zenye vinyweleo ndani ya koklea, ule mfereji uliojikunja kama nyumba ya konokono, na seli hizo ndizo hufa mapema kelele zikizidi. Sikio linalojibu lina seli hai. Leo katika nchi nyingi mtoto mchanga hupimwa hivi kabla hajatoka hospitalini, na sidhani wengi wa wazazi hao wanajua kwamba vipimo vya ukoo huu vilianza kwa kuwasaka askari na mafundi.

Ungedhani basi mambo yameisha. Mwili unajishuhudia, nani atabishana? Nenda Ireland miaka ya 1990. Wanajeshi wa huko walikuwa wamefyatua bunduki kwa miaka bila kupewa vya kutosha vya kulinda masikio. Wakaanza kushtaki serikali. Madai yalivuka 16,000 katika nchi yenye watu wasiofika milioni 4, na gharama yake ikakaribia yuro milioni 300. Nchi ikagawanyika kati ya walioona haki imechelewa na walioona wanajeshi wanakula pesa ya umma. Mwaka 1998 wataalamu wakatoa ripoti, wenyewe wakaiita kitabu cha kijani, inayoeleza desibeli ngapi zikipotea kwenye milio ipi ni asilimia ngapi ya ulemavu, na mwaka huohuo sheria ikawataka majaji wakizingatie. Bila kitabu hicho, chati ileile ingeweza kuwa na bei mbili kwa majaji wawili. Mashine inasema umepoteza desibeli kadhaa. Haisemi kama bado utamwelewa mtoto wako akikuita kutoka chumba cha pili, na haisemi hilo lina thamani gani.

Kisha likarudi lile kundi la tatu. Mwaka 1996 Arnold Starr na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa ambao koklea zao zinajibu vizuri, lakini ishara inavurugika kwenye mshipa kabla haijafika kwenye ubongo. Wanasikia mlio, maneno yanakuwa uji. Ukiwapima kwa njia ya Kemp peke yake utasema wako sawa, wanaigiza. Na mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman walionyesha kwa panya kwamba kelele ya muda mfupi inaweza kukata viungo kati ya seli na mshipa hata pale kipimo cha kawaida kinaporudi kuwa kizuri. Nikifikiria watu waliowahi kuambiwa na daktari "masikio yako hayana shida, acha mchezo" kabla ya miaka hiyo, najiuliza wangapi walirudi nyumbani na jina la uongo ambalo hawakustahili.

Sasa turudi hapa kwetu. Fungua Sheria ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 4, kinachoeleza maana ya maneno. Jeraha kubwa linajumuisha madhara ya kudumu kwa kiungo cha mwili au kwa hisi, na kusikia ni hisi. Kifungu cha 251, shambulio lililoleta jeraha la mwilini, mwisho wake ni miaka mitano. Kifungu cha 234, jeraha kubwa, kinaweza kufika kifungo cha maisha. Kati ya vifungu hivyo viwili, kwa mtu aliyezabwa kofi la sikio, kuna swali moja: usikivu utarudi au hautarudi? Na karatasi ya kwanza inayojaribu kulijibu ni fomu ya P3, ambayo mara nyingi hujazwa kidonda kikiwa bado kibichi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa binamu yangu. Bwana aliyekuwa akiishi naye alimzaba kofi upande wa kushoto. Kofi la kiganja wazi husukuma hewa ndani ya sikio kwa nguvu, na kiwambo cha sikio hupasuka. Daktari aliona tundu, akaandika jeraha la kawaida, na hakukosea: tundu nyingi huziba zenyewe ndani ya wiki au miezi. La kwake pia liliziba. Usikivu ndio haukurudi wote, kwa sababu kofi lilikuwa limepita kiwambo na kufika ndani. Upande wa mashtaka ulipoomba shtaka libadilishwe, wakili wa yule bwana akasimama akasema huyu dada anasikia vizuri, mbona anajibu maswali yangu? Anajibu kwa sikio la kulia, bwana wakili.

Tukaanza kuzunguka. Hospitali ya kwanza haikuwa na mashine. Ya pili mashine ilikuwepo, mtaalamu alikuwa likizo. Ya tatu tulipewa tarehe, na mtaalamu wa pale, mama mmoja mpole asiyeongea sana, alianza na Stenger. Ndiyo, Stenger wa 1900. Siku hizi amekuwa kitufe kwenye odiometa. Alifanya kwanza kwa kuwa hachukui hata dakika tano. Binamu akasema nausikia, uko kulia. Kisha akambandika nyaya, akazima taa, binamu akalala kweli, hata akakoroma. Kulia vilima vilisimama hadi sauti ndogo kabisa. Kushoto kilima cha tano kilipotea mapema mno.

Tukiwa nje tunasubiri ripoti nilimweleza ile picha ilimaanisha nini. Akanyamaza, halafu akasema, "Kwa hivyo nimeaminika nikiwa nimelala."

Ripoti ilipofika mahakamani wakili hakuipinga. Alibadilisha njia tu. Shahidi huyu anafanya kazi ya kupokea simu za wateja, sivyo? Anavaa hedifoni ya sikio moja kutwa nzima, miaka minne. Hedifoni hiyo huvaliwa upande upi? Kushoto. Basi mtaalamu aieleze mahakama, je, kuna kilima chochote kwenye karatasi yake kinachoonyesha kwamba sikio hili lilikuwa zima kabla ya usiku ule?

Yule mama akasema hakuna. Na ni kweli hakuna. Vipimo vyote nilivyovitaja, kuanzia saa ya Barr hadi maikrofoni ya Kemp, vinalipima sikio la leo. La jana halipimiki, labda kama mtu alilipima jana na kuhifadhi karatasi. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zimeweka mpaka wa desibeli 90 kwa saa nane, lakini nani kati ya marafiki zako ana chati ya masikio yake droo ya nyumbani? Mafundi wa Kamukunji niliowauliza walinicheka.

Aliyekuja kujibu swali la wakili alikuwa mfanyakazi mwenzake binamu, msichana anayekaa dawati la kushoto kwake. Hakuwa na mashine. Alisema miaka yote hiyo binamu alivaa hedifoni kushoto, na hakuwahi kumsikia akimwomba mteja arudie neno kuliko wengine. Siku aliyorudi kazini baada ya lile tukio, alijaribu kushoto asubuhi hiyo, akaivua, akaigeuza kulia. Anakumbuka kwa sababu soketi iko upande wake, na kuanzia siku hiyo waya ukawa unapita juu ya dawati lake na kumwangushia kalamu.

Hakimu alimwomba ataje tarehe. Akaitaja. Hakimu akaiandika.